Uzio Niliouapia

Watu wa Wexcombe wakinitaja leo husema, "Obadiah Pell, yule ndugu aliyetubu vizuri." Wanasema kwa upendo, na mgeni akija huonyeshwa mahali niliposimama siku ile katika nyumba ya ibada, chini ya dirisha la kusini. Kila nikisikia natamani ardhi inimeze. Kama kuna mtu aliyetubu vibaya katika makoloni yote ya Waingereza upande huu wa bahari, basi ni mimi, na nitaeleza nilivyofanya.

Nianze na nguruwe, maana bila nguruwe hakuna Wexcombe. Tulikuja familia ishirini na mbili. Kila kaya ilipewa kiwanja cha nyumba, kipande cha shamba la pamoja na haki ya kukata miti msituni. Mahindi tuliyazungushia uzio, nguruwe tukawaacha huru. Majira yote ya joto nguruwe alijilisha mwenyewe kwa njugu za mwaloni, na baridi ilipoanza tulimchinja, tukamtia chumvi, tukamfunga ndani ya pipa, na meli ikampeleka kusini kwenye visiwa vya miwa, ambako waliona sukari ni tamu mno kuacha hata kipande cha ardhi cha kupanda chakula. Mapipa yalikuwa ya mwaloni wetu. Waliokatishwa miwa huko, na namna walivyokatishwa, hatukuuliza. Tulipata chumvi, chuma na nguo, na tukamshukuru Mungu kwa sauti kubwa.

Ila nguruwe hajui mpaka, na ng'ambo ya kijito lilikuwako shamba la Askunet.

Askunet alikuwa mwanamke wa rika langu, wa wale watu tuliowakuta hapa. Mfupi, mabega mapana, na akicheka unasikia hadi kisimani. Shamba alikabidhiwa na mama yake, na mama yake na mama yake, kwa kuwa kwao shamba ni la mwanamke, jambo ambalo wanaume wa kwetu walilicheka sana. Lakini baridi ya kwanza, meli ya unga ilipochelewa na tukaanza kuchemsha ngozi za viatu, hatukucheka. Watu wake waliweka chakula ardhini, katika mashimo yaliyochimbwa kwenye mteremko mkavu, yakatandikwa magome ya miti na mikeka, kisha yakafukiwa. Ungeweza kupita juu yake usijue. Yeye alifukua mawili, akatuletea vikapu vya mahindi, akamfundisha mke wangu Mehitabel kutwanga. Majira ya kuchipua yalipofika alikuja na jani la mwaloni akaniwekea kiganjani.

"Likiwa ukubwa wa sikio la panya, panda," alisema. "Kabla ya hapo baridi itaua. Baada ya hapo umechelewa. Unanisikia, Rafiki Pell?"

Nilimsikia. Tumepanda kwa jani hilo tangu siku ile, na hakuna mwaka ambao lilitudanganya. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na yeye aliniita rafiki hadi mwisho. Hilo nalo linaniuma.

Nguruwe wetu waliingia shambani mwake mwaka mmoja, wakaingia wa pili. Yeye hakupigana na mtu. Alitembea kwa miguu siku tatu mpaka Boston, akasimama mbele ya Baraza Kuu na kikapu cha mabua yaliyotafunwa. Baraza likaamua hivi: nguruwe ni wa Wexcombe, kwa hiyo Wexcombe ilizungushie uzio shamba la yule mama. Uzio ukishajengwa vizuri na kukaguliwa, yeye akiuvunja au akiuacha uanguke, hasara ni yake. Sheria ilikuwa nzuri. Sina neno juu ya sheria.

Tulikusanyika, tukanung'unika, tukapiga kura. Kila kaya ipate kipande cha uzio, nguzo ziwe za mwaloni au mwerezi, zichimbiwe futi tatu ili barafu isizing'oe. Mimi kura ilinipa hatua sitini za kijitoni, mahali pa matope, pale pale nguruwe walipopenda kuvukia. Mwezi ule ule nahodha alileta habari kwamba meli inataka mbao za mapipa, nyingi kadiri tuwezavyo. Nilikuwa na mialoni minne mizuri imelala uani.

Mehitabel alinikuta naipasua.

"Hiyo si ya uzio?"

"Meli haingoji. Uzio unangoja."

"Na nguruwe je? Nao wamekubali kungoja?"

"Nitasimamisha misonobari kwa sasa. Mwakani nitabadilisha."

"Usipoziba ufa utajenga ukuta, mume wangu."

"Wewe mama, unajenga ukuta au unakanda mkate?"

Alirudi ndani kukanda mkate. Mimi nilikata misonobari laini, nikaichomeka kwenye tope futi moja, nyingine hata moja haikufika, nikaifunga kwa fito. Kwa mbali ilipendeza. Niliitazama kutoka upande wetu wa kijito nikajipongeza, na mbao zangu za mwaloni zikaondoka na meli.

Sasa aibu yenyewe inaanza. Mwaka ule mji ulikuwa umenichagua mkaguzi wa uzio, mimi na Eleazar Coggan, mtengeneza mapipa. Kazi ile ilikuwa ya heshima. Desturi ilikuwa kwamba hakuna anayekagua kipande chake mwenyewe. Coggan angekagua changu nami ningekagua chake. Lakini Coggan alikuwa na goti bovu, na kijitoni njia ilikuwa ya kuteleza. Tulipofika kwenye kilima alikaa juu ya jiwe.

"Pell, kipande chako kikoje?"

"Kiko sawa."

"Sawa ya kweli au sawa ya Pell?"

"Ya kweli, bwana. Nitajidanganya mwenyewe?"

"Basi goti langu linakushukuru, na mke wangu pia, maana ndiye anayelikanda." Akacheka, akanyoosha mguu, tukala jibini aliyokuja nayo.

Kesho yake tuliapa mbele ya Bwana Thurlow, hakimu wetu, kwamba uzio wote ni imara na tumeuona kwa macho. Nilikula yamini mchana kweupe, tumbo limeshiba, wala sauti haikutetemeka.

Mwishoni mwa Septemba, siku ya hotuba ya dini ya katikati ya juma, mji mzima ulikuwa ndani ya nyumba ya ibada. Mchungaji Wilmot alikuwa amemaliza na Bwana Thurlow alikuwa amekaa mezani kusikiliza mashauri. Askunet aliingia. Nguo zake zilikuwa na matope hadi kiunoni. Alitembea katikati ya mabenchi, akatoa kikapuni masikio mawili ya nguruwe, akayaweka mezani.

"Ya nani haya?"

Kila mtu kwetu ana alama yake ya masikio, imeandikwa katika kitabu cha mji. Lile la kushoto lilikuwa na mkato wa mkia wa mbayuwayu. Mtu wa nyuma akasema, "Ya Pell hayo."

Akanigeukia. "Rafiki Pell, nguruwe wako jike nimemuua kwa jembe. Nimeleta masikio msije mkasema nimeiba. Nyama iko kule kule, kaichukue. Walikuwa kumi na wanne. Huyo ndiye aliyekuwa mnene asiweze kukimbia."

Watu wachache walicheka. Bwana Thurlow hakucheka.

"Wameharibu nini, mama?"

"Shamba wamelikanyaga, lakini mahindi nilikuwa nimeshayavuna. Mashimo, bwana. Mashimo yote matano wameyafukua. Chakula cha baridi na mbegu za mwakani. Wamekula mpaka mikeka."

"Wamepitia wapi? Uzio si upo?"

"Kijitoni. Nguzo zimelala."

Bwana Thurlow alifungua karatasi yake. "Wakaguzi waliapa kwamba ni imara."

"Mimi sikusema habari ya wakaguzi. Nimesema nguzo zimelala."

"Nguzo hailali yenyewe. Labda watu wako walitaka kuni."

"Kuni?" Alicheka kidogo, kwa mshangao. "Na msitu wote huu? Nivunje ua wa chakula changu nipate kuni?"

"Au walifungua njia ya kushukia majini," akasema mwingine. Mwingine akaongeza kwamba watu wale hawajazoea uzio, ndivyo walivyo, hata ukiwajengea. Maneno yakaanza kutembea kutoka benchi hadi benchi. Bwana Thurlow hakuwa mtu mbaya. Aligonga meza, akanyamazisha watu, akaniuliza kwa haki kabisa.

"Ndugu Pell. Kipande kile ni chako, na uzio wote uliuapia. Ulipoapa, kilikuwa imara?"

Nilimwona Coggan amekodoa macho, mkono juu ya goti lake. Kiapo cha uongo kwetu ni viboko mbele ya watu na kuvuliwa kazi, na jina lako linasomwa mlangoni. Nikafikiri pia kwamba ningemtia Coggan mashakani, na kwa muda mfupi nikajiona mwema kwa kumfikiria Coggan. Mtu anaweza kuwa mpumbavu hata katika dakika kama ile.

"Kilikuwa imara," nikasema.

Askunet alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake amalize sentensi. Aliponiona sina nyongeza, alichukua kikapu chake akabaki amesimama.

Hukumu haikuchelewa. Uzio ulijengwa vizuri na viapo vipo. Ukianguka, ni wao waliouvunja. Mtu asiyeweza kutunza ardhi ndani ya uzio hana ardhi mbele ya sheria, ana msitu tu, na msitu ni wa mji kuugawa. Na mnyama wa Mwingereza ameuawa. Kwa hiyo shamba lirudi mikononi mwa mji, ligawanywe, na upande wa kijitoni apewe Obadiah Pell kufidia nguruwe wake. Husemwa mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu uchungu. Siku ile sisi tuliona uchungu wa nguruwe tu. Nilizitazama nyuso za wanaume nikajua hakuna atakayepinga, kwa sababu shamba lile lilikuwa udongo mweusi usio na kisiki hata kimoja, na sisi baada ya miaka yote ile bado tulikuwa tunalima katikati ya visiki.

"Nilifukua mashimo mawili, mwaka ule mliokuwa na njaa," Askunet alisema. Hakusema kwa hasira. "Nilisahau kuwauliza uzio wenu uko wapi."

Akatoka.

Nyumbani Mehitabel hakunipigia kelele, ningependa angepiga. Alikuwa anamenya boga.

"Nguruwe wetu," alisema. "Uzio wetu. Na shamba nalo sasa ni letu. Hakuna kilichobaki, Obadiah? Kile kikapu chake hukukipenda?"

"Wangenichapa."

"Wangekuchapa. Mgongo ungevimba wiki moja, ningeupaka mafuta, ungepona. Haya sasa nitakupaka wapi?"

"Nitasema. Ngoja nipate wakati mzuri."

"Ulisema hivyo hivyo juu ya nguzo."

Tangu siku ile hakula kitu kilichotoka ng'ambo ya kijito, na mpaka leo hali. Theluji ilipoanza alibeba gunia la unga, akavuka kwenda kwenye vibanda vya Askunet kabla hawajaondoka kwenda kwa ndugu zao wa mto wa juu, kule mto unakotokea. Nilimuuliza alipokelewaje.

"Nilimwambia, mama, nimekuletea zawadi. Akaufungua, akaunusa. Akasema, 'Nitauchukua. Lakini hii si zawadi. Huu ni wangu.'"

"Ukasema nini?"

"Nikasema ndiyo. Ulitaka niseme nini?"

Baridi ile ilikuwa kali. Tulipata habari kwamba huko mto wa juu mama yake Askunet amekufa, mwanamke mzee sana. Watu walisema ni uzee. Mimi nilijua mashimo matano yanalisha watu wangapi, kwa sababu mawili yaliwahi kutulisha sisi.

Mwezi wa Machi niliingiza ng'ombe wangu wa kulimia katika shamba lile. Sikuwa nimefika mbali ng'ombe wa kulia alipozama mguu hadi gotini. Nilimtoa, nikaingia mimi mwenyewe shimoni kutazama. Palikuwa na gome la mti, kipande cha mkeka uliosukwa kwa mistari myekundu, na chini ya mkeka punje tisa za mahindi ya buluu ambazo nguruwe hawakuziona. Nilikaa ndani ya shimo lile, mtu mzima mwenye ndevu, nikalia mpaka ng'ombe wakageuka kunitazama. Nikazifunga punje katika leso. Niliapa, safari hii kwa kweli, kwamba nitasimama na kusema yote, na shamba litarudi.

Kwetu mtu aliyekosa husimama mbele ya kanisa siku ya Sabato, anasema kosa lake kwa kinywa chake, ndugu wanapima kama ametubu kweli, kisha wanapiga kura kwa mikono kumrudisha mezani pa Bwana. Ni desturi kubwa. Nimeona walevi wakisimama, na msichana aliyejifungua kabla ya miezi tisa ya ndoa, na mzee aliyesinzia mahubiri matatu mfululizo. Sabato ya pili ya Aprili ngoma ilipolia kutuita, Mehitabel alinifunga vifungo vya koti mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya tangu Septemba.

"Useme na la shamba," aliniambia.

"Nitasema na la shamba."

Nilisimama chini ya dirisha la kusini. Nilisema habari ya mialoni, meli, misonobari, tope, jiwe alilokalia Coggan, kiapo, na lile "kilikuwa imara". Nilisema habari ya baridi ya kwanza na jani la mwaloni. Nikatoa leso, nikazionyesha punje tisa katika kiganja, na hapo kanisa zima likalia. Wanawake walijifunika nyuso. Coggan alisimama na goti lake bovu akakiri naye, akilia kama mtoto. Hata zile punje, basi, nilizitumia kuwaliza watu. Sikukusudia, lakini nilipoona zinavyowaliza niliziinua juu kidogo.

Mchungaji Wilmot alishuka, akanishika mabega.

"Ndugu Pell," alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka kweli, "nimehubiri hapa miaka tisa sijaona moyo uliovunjika kama huu. Leo mbinguni wanashangilia."

Mikono ikainuliwa, yote. Adhabu ya viboko ikasamehewa, kwa kuwa, walisema, Mungu amekwisha kumchapa. Tukaimba zaburi. Watu walinikumbatia, watu ambao hawakuwahi kunipa hata salamu ya barabarani. Nilijisikia mwepesi, na nilifurahi. Naomba mtu anayesikia haya alishike neno hilo: nilifurahi.

Mlangoni nilimkuta Bwana Thurlow. Nikamwambia, "Bwana, na shamba?"

"Shamba limefanyaje?"

"Si lirudi? Hukumu ilijengwa juu ya kiapo changu."

Alinishika kiwiko, akaniweka pembeni kwa upole. "Ndugu Pell, haya ya leo ni ya kanisa. Shamba ni la mji. Limekwisha kugawanywa kwa kaya kumi na moja, limelimwa, watu wameanza kumwaga samaki wa mbolea. Hao kumi na mmoja wamekosa nini? Hawakuapa uongo wowote."

"Basi nirudishe changu."

"Ukirudisha chako, wao watakuwa wanaonekanaje? Umesamehewa asubuhi, mchana unataka kuwaaibisha waliokusamehe?" Akatabasamu. "Kuna kiburi cha aina nyingi, ndugu yangu. Kimojawapo ni kukataa kusamehewa."

Ningeweza kujibu. Majibu yalikuwepo, hata mtoto angeyapata. Lakini watu walikuwa wanangoja kunishika mkono, na jua lilikuwa zuri, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba nilikuwa nasikia njaa.

"Umesema vyema, bwana," nikamjibu.

Njiani Mehitabel aliniuliza, "Umesema na la shamba?"

"Nimesema."

"Wakasemaje?"

"Jambo la mji hilo."

Alitembea mbele yangu mpaka nyumbani, na vifungo vya koti nikavifungua mwenyewe.

Wiki zilizofuata nilifanya kazi kama punda. Niling'oa misonobari yote ya kijitoni, nikakata mwaloni, nikaupasua, nikachimba futi tatu kamili, nikashindilia mawe kuzunguka kila nguzo. Mkaguzi mpya alipita akasema hajaona uzio kama ule katika koloni zima. Nilishukuru. Nilikuwa katikati ya kufunga lango, mwezi wa Mei siku ya kumi au kumi na moja, nilipomwona Askunet anakuja kando ya kijito.

Alikuwa amekonda. Mabega yalikuwa yale yale, lakini nguo zilining'inia. Mgongoni alibeba jembe, lile lile, na kifuko cha mbegu alizoomba kwa ndugu zake. Alikuwa peke yake, na alikuwa anatabasamu.

"Rafiki Pell," alisema. "Nimesikia kule juu. Wamesema ulisimama mbele ya watu wako wote, ukasema ni wewe."

"Ni kweli, mama."

"Wamesema ulilia."

"Nililia."

"Na wao wakalia?"

"Wote."

Akatikisa kichwa kwa kukubali, kama mtu aliyesikia kwamba mgonjwa amepata nafuu. "Vizuri. Kwetu pia mtu akisema ukweli tunalia naye. Wamesema vilevile una mbegu zangu."

Nilikimbia nyumbani kuleta leso. Nilikimbia kweli, na umri wangu ule, nikifurahi kwamba kuna kitu ninachoweza kumpa. Mehitabel alikuwa mlangoni, akanipisha. Nilipomfungulia Askunet leso alizigusa punje moja moja kwa kidole.

"Hizi ni za mama yangu," alisema. Akazitia katika kifuko pamoja na zile nyingine, akakifunga. Kisha akatoa katika ukanda wake jani la mwaloni, bichi, limechumwa asubuhi ile, akaniwekea kiganjani kama siku ile ya kwanza.

"Haya. Tunapanda lini?"

Sikuelewa mara moja. Halafu nikaelewa, na damu yote ikanipanda usoni. Yule mama alikuwa ametembea kutoka mto wa juu na mbegu za kuomba kwa sababu alisikia kwamba nimetubu. Kwake yeye mtu aliyesema "nilikuibia" alikuwa amekwisha kusema "njoo uchukue". Hakujua kwamba kuna watu wanaoweza kulitenga neno hili na lile, wakalia kwa la kwanza na kulala usingizi kwa la pili.

"Mama," nikasema, "kazungumze na Bwana Thurlow. Ni jambo la mji."

"Bwana Thurlow ndiye aliyelia?"

"Hapana."

"Ni nani aliyelia?"

"Mimi."

"Basi nakuuliza wewe."

Nilitazama ardhi. Udongo ulikuwa umelimwa vizuri, mweusi, unanuka samaki. Nikasema kitu juu ya kaya kumi na moja, na juu ya kiburi cha kukataa kusamehewa. Sikumbuki nilivyosema, na namshukuru Mungu kwa kusahau huko kama anashukuriwa kwa mambo hayo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Tabasamu lilimtoka polepole, wala sijaona tena tabasamu kama lile mahali popote. Alinyoosha mkono, akaishika nguzo ya lango langu, akaitikisa kwa nguvu zake zote. Haikusogea.

"Hii ni nzuri," alisema. "Kumbe unajua."

Akalichukua jani kutoka kiganjani mwangu, akaliweka juu ya nguzo, akaweka kokoto juu yake upepo usilipeperushe. Kisha akajitwika jembe lake akarudi alikotoka, kando ya kijito, upande wa nje wa uzio. Sikumwona tena.

Nililitazama jani lile. Lilikuwa ukubwa wa sikio la panya, kamili, halizidi wala halipungui. Mehitabel alikuwa bado amesimama mlangoni, ng'ambo ya kijito, mikono ndani ya aproni, anangoja kuona nitakachofanya. Nilikuwa na ndoo ya mbegu pembeni yangu na mchana mzima mbele yangu.

Nikapanda.